Bei Mpya za Filamu Mtandaoni: Tazama Pengo Kati ya Vifurushi

Kampuni ya filamu za mtandaoni inapotangaza bei mpya, wengi wetu tunaangalia jambo moja: kifurushi changu kimepanda kwa kiasi gani? Swali hilo ni la haki, ila halitoshi. Nia ya kampuni inaonekana zaidi kwenye pengo kati ya kifurushi na kifurushi, na kwenye kile kilichoondolewa sokoni.

Tuchukue Netflix nchini Marekani. Novemba 2022 ilileta kifurushi chenye matangazo kwa dola 6.99 kwa mwezi. Juu yake kulikuwa na Basic, dola 9.99, kisha Standard, dola 15.49, vyote bila matangazo. Asiyetaka matangazo aliongeza dola 3 tu. Julai 2023 Netflix ikaacha kuwauzia Basic wateja wapya. Waliobaki nacho wakapandishiwa hadi dola 11.99 Oktoba mwaka huohuo, na mwaka 2024 wakaanza kuondolewa. Januari 2025 kifurushi cha matangazo kikafika dola 7.99, Standard dola 17.99. Kwa mteja mpya, kukwepa matangazo kukawa ni dola 10 kwa mwezi, yaani dola 120 kwa mwaka.

Wakati huohuo kile cha chini kilinoneshwa. Kilianza na picha ya 720p kwenye skrini moja. Mwaka 2023 kikapewa 1080p na skrini mbili, kama Standard. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dola 10 zile ililipia kutokatizwa tu.

Sababu yake si ngumu. Katika nusu ya kwanza ya 2022 Netflix ilipoteza wateja zaidi ya milioni 1. Ukuaji ulipokwama, matangazo yakawa njia ya kupata fedha mara mbili kwa saa ileile ya filamu: ada ya mtazamaji na malipo ya mwenye tangazo. Ndiyo maana kampuni haioni hasara ukishuka kifurushi. Njia ya kushukia imeitengeneza yenyewe.

Wengine wamepita njia hiyohiyo. Desemba 2022 Disney+ iliacha bei ya dola 7.99 palepale ilipokuwa, lakini ikaiwekea matangazo. Aliyetaka kubaki kama zamani alitakiwa kulipa dola 10.99. Amazon nayo, Januari 2024, iliwawekea matangazo wateja wake wa Prime Video nchini Marekani, kisha ikatoza dola 2.99 kwa mwezi kuyaondoa. Bei haikuguswa, huduma ndiyo iliyopungua. Huko nako ni kupandisha bei.

Afrika Mashariki tumeliona soko likienda upande wa pili. Kenya ilipewa kifurushi cha bure cha Netflix kwa simu za Android mnamo Septemba 2021, kikafungwa Novemba 2023. Katikati ya hapo, Februari 2023, kampuni ilishusha bei katika nchi zaidi ya 100, Kenya ikiwemo. Tujifunze hapo: bei hupangwa kwa kupima mteja wa nchi fulani ataweza kulipa kiasi gani, na anayependelewa leo anaweza kupandishiwa kesho.

Basi ukipata taarifa ya mabadiliko, zidisha ada mpya kwa 12 ndipo uamue. Angalia kama kifurushi chako kimepunguziwa skrini, ubora wa picha au ruhusa ya kupakua. Chunguza pia kama mnazitumia kweli skrini mnazolipia nyumbani.

Zaidi ya yote, kumbuka kuwa malipo ya mwezi hayakufungi. Ukisitisha Netflix, unaendelea kutazama hadi muda uliolipia uishe, na kumbukumbu za akaunti yako zinahifadhiwa kwa muda. Unaweza kulipia mwezi wenye tamthilia unayoitaka, ukapumzika, ukarudi. Kampuni hizi hupima kila mwezi ni wangapi wameondoka baada ya bei kupanda. Kuondoka kwako, hata kwa muda, ni hesabu wanayoisoma.