Familia Ndogo za Lugha katika Bonde la Sepik: Utangulizi

Mto Sepik unaanzia katika milima ya kati ya kisiwa cha Guinea Mpya, unapindapinda kwa zaidi ya kilomita 1,100 kupitia vinamasi na mabwawa, kisha unaingia Bahari ya Bismarck kaskazini mwa Papua Guinea Mpya. Mashariki yake uko Mto Ramu. Nchi hiyo ina lugha zaidi ya 800, na mabonde ya mito hii miwili ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye lugha nyingi za asili tofauti. Vijiji viwili vinavyobadilishana samaki na sago siku ya soko huweza kuwa na lugha ambazo hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba zina ukoo mmoja. Kitabu hiki kinahusu kazi ya kuzipanga lugha hizo katika familia, na kimeandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kuifanya.

Tuanze na jina lenyewe. Tukisema lugha za Kipapua hatutaji familia. Tunataja lugha za Guinea Mpya na visiwa jirani ambazo si za Kiaustronesia, basi. Ndani ya jina hilo mna makumi ya familia zisizo na undugu unaojulikana, pamoja na lugha pweke zisizo na ndugu hata mmoja.

Msomaji wa Kiswahili anaingia humu na mazoea ya Kibantu, familia yenye lugha zipatazo 500 zilizoenea karibu theluthi moja ya Afrika. Mazoea hayo yana faida yake. Ukiona kwamba p ya Kiswahili katika kupanda na kupaka inakutana na h ya Kigikuyu katika kũhanda na kũhaka, umekwisha kushika kanuni kuu ya isimu linganishi: undugu hauthibitishwi kwa maneno yanayofanana, bali kwa sauti zinazowiana kwa utaratibu, neno baada ya neno. Lakini Kibantu kinadekeza. Ushahidi ni mwingi, lugha ni nyingi, na neno lililopotea hapa hupatikana kule. Sepik haina neema hiyo. Familia yenye lugha sita ni familia kamili, na kuithibitisha vizuri ni kazi ya maisha.

Chukua familia ya Sepik ya Chini. Ina Kiyimas, Kikarawari, Kiangoram, Kichambri, Kimurik na Kikopar. William Foley, aliyeandika sarufi ya Kiyimas mwaka 1991, aliikuta lugha hiyo ikiwa na wasemaji wasiozidi 300. Viwakilishi vyake vya nafsi vinastahili kutazamwa kwa makini. Mimi ni ama, sisi wawili ni kapa, sisi wengi ni ipa. Wewe ni mi, ninyi wawili ni kapwa, ninyi wengi ni ipwa. Kufanana kwa neno moja hakutupeleki mbali: mi ya Kiyimas inasikika sawa na mi tunayoitamka sisi kwa kufupisha mimi, wala hakuna atakayedai undugu kwa sababu hiyo. Lakini mfumo mzima, wenye umoja, uwili na wingi, na wenye jozi za kapa na kapwa, ipa na ipwa, hauokotwi njiani. Vipande vya mfumo huo vikijitokeza katika lugha dada, kama vile ama na mi za Kikarawari, na vikasindikizwa na msamiati wa msingi wenye sauti zinazowiana, tunaweza kusema kwa ujasiri kwamba palikuwa na lugha mame moja, yaani mzazi wa zote.

Sasa kuna mtego ambao sisi wazungumzaji wa Kiswahili tumewekewa zaidi ya wengine. Kiyimas kina ngeli. Kipo kundi la wanaume, la wanawake, la wanyama, la mimea, na makundi mengine ambayo jina huingia kwa sababu ya sauti inayolimalizia tu. Ngeli hizo hutawala upatanisho wa kisarufi katika sentensi nzima, hadi ndani ya kitenzi. Ukivuka kwenda kaskazini, kwenye milima inayotenganisha Sepik na pwani, utakuta Kiarapesh, ambacho Reo Fortune alikieleza mwaka 1942. Nacho kina ngeli, nacho huzipanga kwa sauti ya mwisho wa jina. Hata hivyo Kiarapesh ni cha familia ya Torricelli, familia nyingine kabisa. Nionavyo mimi, hili ndilo somo kubwa kuliko yote ya bonde hili. Muundo wa sarufi husambaa kwa ujirani. Umbo lenyewe la kiambishi, hasa likiwa la ajabu na lisilo na sababu, huhama kwa shida zaidi, na ndiyo maana ukiukaji wa kanuni unaofanana katika lugha mbili una uzito kuliko kanuni kumi zinazofanana.

Somo hilo lilichelewa kukubalika. Mwaka 1971 Joseph Greenberg aliziweka karibu lugha zote za Kipapua katika kundi moja aliloliita Indo-Pasifiki. Ni Greenberg yuleyule ambaye mwaka 1963 aliziweka Kihadza na Kisandawe za Tanzania pamoja na lugha za kusini mwa Afrika chini ya jina la Khoisan. Makundi yote mawili hayakudumu, na leo Kihadza kinahesabiwa kuwa lugha pweke. Donald Laycock alikuwa mwangalifu zaidi. Kitabu chake cha 1965 kuhusu familia ya Ndu, ambamo mna Kiiatmul, Kimanambu, Kiboikin na Kiabelam, bado ni kielelezo cha jinsi ya kuthibitisha familia ndogo. Lakini mwaka 1975 yeye na John Z'graggen walipendekeza kundi kubwa la Sepik-Ramu lenye lugha zipatazo 100, kwa kutegemea zaidi asilimia za maneno yaliyofanana, na katika ngazi za juu asilimia hizo zilikuwa ndogo mno. Miaka 30 baadaye, Foley na Malcolm Ross, kila mmoja kwa njia yake, walilivunja. Ross alitumia viwakilishi vya nafsi kama kipimo cha awali. Namheshimu kwa hilo, na neno awali alilichagua yeye mwenyewe. Wanaomnukuu ndio hulisahau.

Kwa nini bonde likawa hivi? Watu wameishi Guinea Mpya kwa zaidi ya miaka 40,000, muda unaotosha kufuta alama zote za undugu wa kale. Tena ardhi yenyewe si ya zamani. Miaka ipatayo 6,000 iliyopita bahari ilikuwa imeingia ndani kabisa ya bonde, na sehemu kubwa ya tambarare ya leo ni matope yaliyoijaza polepole. Kijiji cha Gapun, kati ya Sepik na Ramu, kiko katika ardhi iliyokuwa kisiwa. Lugha yake, Kitaiap, ni pweke. Juu ya hayo kuna biashara. Wachambri waliwapa watu wa vilimani samaki, wakapata sago. Wayimas walikuwa na pijini za kibiashara, mojawapo kwa ajili ya majirani zao Waarafundi. Wamanambu walikopa mengi kutoka Kiiatmul, lugha dada iliyokuwa na hadhi, na hapo kutenganisha urithi na mkopo ni kazi ngumu sana, kwa kuwa vyote viwili vimetoka nyumba moja.

Ushahidi wenyewe unapungua. Katika Gapun, Don Kulick ameonyesha tangu miaka ya 1980 jinsi watoto walivyolelewa kwa Tok Pisin, lugha ya mawasiliano ya nchi nzima, badala ya Kitaiap. Sasa wasemaji wa Kitaiap hawafiki 50. Sarufi ya lugha hiyo, ambayo Kulick aliiandika pamoja na Angela Terrill, ilitoka mwaka 2019. Kwa familia yenye lugha tatu au nne, lugha moja ikinyamaza bila kuandikwa, lugha mame yake huenda isiweze kuundwa upya kamwe.

Nakushauri usome sura ya Sepik ya Chini kwanza, ukiwa na karatasi na kalamu, na ujaribu kupata uwiano wa sauti mwenyewe kabla ya kufunua jibu. Kisha uende Ndu, ambako kiwakilishi cha wewe kina umbo la mwanamume na la mwanamke. Torricelli iache hadi hapo, maana ni kubwa na bado ina mabishano. Familia za Ramu ziko mwisho kwa sababu data zake ni chache: kwa baadhi ya lugha zake, orodha fupi za maneno ndizo ushahidi karibu wote tulio nao.