Daftari la Pande Mbili kwa Duka la Makandana

Katika kata ya Makandana, iliyomo ndani ya mji wa Tukuyu na yenye hospitali ya Wilaya ya Rungwe, biashara ndogo nyingi hutegemea fedha inayoingia kwa vipindi: mtumishi wa umma husubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, mkulima mdogo wa chai hupima majani mabichi leo na kulipwa baadaye kwa pamoja, na mwenye migomba hutazamia lori la Mbeya au la Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo sukari, sabuni na mafuta ya kupikia hutoka dukani siku nyingi kabla ya malipo kufika, na mwenye duka huandika majina ya wateja katika daftari la madeni. Daftari hilo humweleza nani anadaiwa, lakini halimwelezi kama biashara yenyewe inapata faida. Wala kuhesabu fedha za droo kila jioni hakumwelezi, kwa kuwa fedha iliyomo drooni na faida ni vitu viwili ambavyo mara nyingi havifuatani.

Njia inayoziba pengo hilo ni uwekaji hesabu wa maingizo mawili, yaani utaratibu ambao kila muamala, maana yake kila tukio la biashara linaloweza kupimwa kwa fedha, huandikwa mara mbili kwa kiasi kilekile: mara moja katika akaunti inayopokea thamani, na mara ya pili katika akaunti inayoitoa. Akaunti inayozungumziwa hapa si ile ya benki, bali ni ukurasa wa daftari uliotengwa kwa jambo moja, kama vile fedha taslimu, manunuzi au mtaji, na ukurasa huo hugawanywa kwa mstari wa katikati, ambapo upande wa kushoto huitwa debiti na wa kulia krediti. Daftari kubwa lenye kurasa hizo zote ndilo leja. Mali na gharama huongezeka zinapoandikwa debiti, ilhali madeni ya biashara, mtaji na mapato huongezeka yanapoandikwa krediti.

Utaratibu huu ni wa kale. Mtawa wa Kifransisko Luca Pacioli aliueleza katika kitabu cha hisabati kilichochapishwa Venice mwaka 1494, na ingawa watu wengi humtaja kuwa ndiye aliyeubuni, hesabu za serikali ya mji wa Genoa za mwaka 1340 zinaonyesha kwamba ulikuwa ukitumika zamani kabla yake. Tanganyika nayo ina kumbukumbu yake kuhusu vitabu vya hesabu: mwaka 1923 wafanyabiashara wa Kihindi walifunga maduka yao kupinga sheria mpya za leseni na kodi, na moja ya mambo yaliyobishaniwa ilikuwa lugha ya kuandikia hesabu, kwani wengi wao waliandika kwa Kigujarati. Daftari la duka halijawahi kuwa jambo dogo mbele ya mtoza kodi.

Mtu ambaye angeelewa haraka zaidi maingizo mawili pale Makandana pengine si mhasibu bali ni wakala wa fedha za simu. Mteja anapoweka shilingi 50,000, fedha taslimu ya wakala huongezeka kwa 50,000 na floti yake, yaani salio alilonalo kwenye simu kwa ajili ya kuhudumia wateja, hupungua kwa kiasi hichohicho. Mteja anapotoa fedha, mambo hugeuka. Jumla ya fedha na floti haibadiliki mpaka wakala alipwe kamisheni, ambayo ndiyo pato lake, au mpaka kiasi fulani kipotee. Anayefunga hesabu ya aina hiyo kila jioni tayari anafikiri kwa pande mbili, na kilichobaki ni kuiandika.

Duka la bidhaa mchanganyiko lina akaunti nyingi zaidi, na mfano wa kubuni wa mwezi mmoja unaweza kuonyesha jinsi zinavyofungamana. Mwenye duka anaanza na mtaji wa shilingi 2,000,000: fedha taslimu inaandikwa debiti, mtaji unaandikwa krediti, kwa sababu katika hesabu duka huhesabiwa kuwa linamdai na kudaiwa na mmiliki wake kama mtu mwingine yeyote. Ananunua bidhaa za 1,200,000 kwa fedha taslimu, hivyo manunuzi yanaingia debiti na fedha inaingia krediti. Kisha anachukua bidhaa nyingine za 400,000 kwa mkopo kutoka duka la jumla, na safari hii krediti haiendi kwenye fedha bali kwenye akaunti ya mwenye duka la jumla, ambaye sasa ni mdai. Mauzo ya fedha taslimu yanafika 700,000 na mauzo ya mkopo kwa wakulima wa chai 300,000. Mauzo yote ya 1,000,000 yanaandikwa krediti, huku debiti zikigawanyika kati ya fedha taslimu na wadaiwa. Analipa kodi ya pango 60,000, na mwishowe anachukua 50,000 kwa ajili ya ada ya mtoto, kiasi ambacho huandikwa debiti katika akaunti ya matumizi binafsi ya mmiliki, si katika gharama za duka.

Mwisho wa mwezi masalio ya akaunti hukusanywa katika orodha moja iitwayo urari. Upande wa debiti kuna fedha taslimu 1,390,000, manunuzi 1,600,000, wadaiwa 300,000, pango 60,000 na matumizi binafsi 50,000. Upande wa krediti kuna mtaji 2,000,000, mdai 400,000 na mauzo 1,000,000. Kila upande unafikia 3,400,000, na kama usingelingana, mwandishi angejua kwamba kuna ingizo lililokosewa au kusahauliwa upande mmoja.

Hapo ndipo faida ya kazi hii yote inapoonekana. Mwenye duka anayetazama droo peke yake angeona kwamba alianza na 2,000,000 na amebaki na 1,390,000, akaamini kuwa biashara imemla 610,000. Leja inasema vingine: bidhaa za gharama ya 800,000 zikiwa bado rafuni, bidhaa zilizouzwa zilimgharimu 800,000, hivyo faida ghafi ni 200,000, na baada ya kutoa pango faida halisi ni 140,000. Mizania, ambayo ni taarifa inayolinganisha mali na wenye haki juu yake, inathibitisha hivyo: fedha, wadaiwa na bidhaa vina jumla ya 2,490,000, dhidi ya deni la 400,000 na mtaji ambao sasa umefika 2,090,000. Hatari kubwa zaidi ni ile ya kinyume, pale droo inapojaa kwa kuwa bidhaa za mkopo zimeuzwa na deni la duka la jumla halijalipwa, kisha mwenye duka akaezeka nyumba kwa fedha ambayo ni ya mtu mwingine.

Hata hivyo urari unaolingana si ushahidi kwamba kila kitu ni sahihi. Muamala ulioachwa kabisa hauonekani popote, na ada ya mtoto ikiandikwa kama pango pande zitalingana vizuri huku faida ikipotoshwa. Mkungu wa ndizi ulioiva na kuoza kwa sababu lori lilichelewa ni hasara hata kama hakuna shilingi iliyotoka drooni, na usipohesabiwa mwisho wa mwezi bidhaa zitaonekana kuwa nyingi kuliko zilivyo. Ni vyema pia kukiri kwamba anayeuza maparachichi kwa fedha taslimu, bila kukopa wala kukopesha, hahitaji leja. Daftari la fedha zinazoingia na kutoka linamtosha. Maingizo mawili huanza kuwa na maana pale mkopo unapoingia, na walimu wa ujasiriamali wanaoanza somo kwa kukaririsha kanuni za debiti na krediti kabla ya kuzungumzia mkopo huwakimbiza wanafunzi wao bure.

Kuhusu kodi, kumbukumbu zina thamani inayohesabika. Katika viwango vya Mamlaka ya Mapato Tanzania vya mwaka wa fedha 2022/23, mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hakutozwa kodi ya mapato. Mwenye mauzo ya 6,000,000 alilipa 100,000 kama hakuwa na kumbukumbu, lakini 60,000 kama alikuwa nazo, yaani asilimia 3 ya kiasi kilichozidi 4,000,000. Kwa mauzo ya 9,000,000 tofauti ilikuwa kati ya 250,000 na 150,000. Viwango hivi vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo ni lazima kuulizia vya sasa katika ofisi ya mamlaka hiyo. Lakini kodi hiyo hukadiriwa kwa mauzo, si kwa faida, na kumbukumbu za mauzo zingeweza kuitosheleza. Leja kamili humfaa kwanza mwenye duka mwenyewe.

Anayetaka kuanza hana haja ya kompyuta. Achague siku moja, ahesabu bidhaa kwa bei aliyozinunulia, fedha za droo na za simu, na kila anachodai. Atoe kila anachodaiwa, na kinachobaki akiandike kuwa mtaji wa kuanzia. Risiti na madaftari yenyewe ayahifadhi mahali pakavu, maana mvua ya Rungwe haina huruma kwa karatasi, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.