Marekani: Mahakama ya Juu yaibana idara ya silaha
Michael Cargill, mwenye duka la bunduki Texas, mwaka 2019 alisalimisha vifaa vyake viwili vya kuharakisha ufyatuaji risasi, kisha akaishitaki serikali. Idara ya silaha, ATF, ilivipiga marufuku kufuatia mauaji ya Las Vegas ya 2017.

Juni 14, 2024, Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kwa kura 6 dhidi ya 3. Kifaa hicho hakiigeuzi bunduki kuwa "machine gun" inayotajwa katika sheria ya 1934, na anayeweza kupanua sheria ni Bunge, si idara.

Hata hivyo, Machi 2025, mahakama hiyo iliikubali kanuni ya ATF kuhusu seti za kuunganisha bunduki.

Mfanyabiashara anayezuiwa na kanuni aulize kwanza: sheria yenyewe inasemaje?