Mgongo wa Transkripti

Geuza transkripti yako. Upande wa nyuma, kwa herufi ndogo ambazo huenda hata aliyeitia saini hajazisoma, kuna jedwali: A ni kuanzia alama ngapi, ina pointi ngapi, daraja la kwanza linaanzia wapi, na aliyepata chini ya kiasi gani amefeli. Vijana wengi wanaoniletea majalada yao ya kuomba uzamili Ujerumani huwa wameskani upande wa mbele tu. Wa mbele una jina, una kozi, una GPA ya kujivunia. Wa nyuma wanauchukulia kama ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ya dawa. Lakini afisa wa udahili ambaye hajawahi kufika Dodoma wala Eldoret anahitaji namba mbili zilizoko huko nyuma, na asipozipata hana namna ya kukuhesabu.

Naizungumzia Ujerumani kwa sababu ndiko wengi wanakouliza, na wanauliza kwa sababu ya ada. Vyuo vikuu vya umma kule, kwa sehemu kubwa, havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni. Kuna mchango wa muhula, mara nyingi kati ya yuro 100 na 400, na katika miji mingi ndani yake mna tiketi ya basi na treni. Wapo wanaotoza: jimbo la Baden-Württemberg huwadai wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kuwatoza wageni wapya mwaka 2024. Zipo pia programu za uzamili zilizoundwa kwa ajili ya watu walioko kazini, ambazo zina ada hata kama chuo ni cha umma. Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho kabla hujamtangazia mjomba kwamba ni bure.

Sasa hesabu. Wajerumani huzipanga alama kinyume na sisi: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, na 4.0 ni kufaulu kwa tabu. Alama za mgeni hubadilishwa kwa kanuni inayoitwa kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa. Chukua alama ya juu kabisa inayowezekana chuoni kwako, toa alama yako. Jibu ligawe kwa tofauti iliyopo kati ya alama hiyo ya juu na alama ya chini kabisa ya kufaulu. Zidisha kwa 3, ongeza 1.

Aliyesoma chuo cha Tanzania chenye GPA ya mpaka 5.0, ambako kufaulu kunaanzia 2.0, amerahisishiwa kazi. Tano kutoa mbili ni tatu, na tatu ya kugawia inakulana na tatu ya kuzidishia. Kinachobaki ni 6 kutoa GPA yako. Mwenye 4.4, mahali daraja la kwanza linapoanzia, anasomeka 1.6. Mwenye 3.8 anasomeka 2.2. Mwenye 3.5, yaani aliyeingia daraja la pili la juu kwa ncha ya kidole, anasomeka 2.5 kamili, na programu nyingi za uzamili zimeiweka 2.5 hiyohiyo kuwa kizingiti. Mwenye 3.4 anakuwa 2.6, na kwenye programu ya aina hiyo jalada lake linaweza kufungwa kabla mtu hajaifikia barua yake ya kueleza nia. Ile sapu (mtihani wa marudio) ya mwaka wa pili mliyoicheka kantini ilikuwa ikikusubiri hapa.

Tuvuke mpaka wa Namanga, tuingie Kenya. Tuchukue wanafunzi wawili, mmoja wa Arusha na mmoja wa Nairobi, na kila mmoja amepata 70 katika kila somo alilofanya. Chuo cha yule wa Arusha kinahesabu kwamba A inaanzia 70 na kila A ni pointi 5. GPA yake ni 5.0, kwa hiyo Ujerumani anasomeka 1.0, alama ambayo Mjerumani mwenyewe akiipata humpigia simu bibi yake. Chuo cha yule wa Nairobi kinaandika wastani wa asilimia: 40 umefaulu, 70 daraja la kwanza. Afisa akiichukua 100 kuwa alama ya juu, 100 kutoa 70 ni 30; gawa kwa 60, ni nusu; zidisha kwa 3, ongeza 1, ni 2.5. Wote wawili wana daraja la kwanza na walikesha usiku uleule, lakini mmoja yuko kileleni na mwenziwe anachungulia mlangoni. Mkenya mwenye 65, daraja la pili la juu ambalo kwao ni jambo la heshima, anaishia 2.75.

Kanuni haina chuki na mtu. Ilitungwa kwa kudhani kwamba alama ya juu kabisa ni alama ambayo watu huipata. Sisi tumerithi mapokeo ya Kiingereza, ambamo mhadhiri wa historia akitoa 75 habari zinavuka ukumbi, na 100 ya insha haijawahi kuonekana. Kikokotoo hakiyajui hayo mpaka kiambiwe. Vyuo vya Ujerumani havifanani katika kuamua ni namba ipi ichukuliwe kuwa ya juu, na hapo ndipo mgongo wa transkripti unapofanya kazi: ukiwa umeandikwa kwamba A ni 70 hadi 100, na kwamba juu ya daraja la kwanza hakuna daraja jingine, afisa ana pa kushika. Kama mgongo ni mtupu, nenda kwa msajili uombe barua. Na kama idara inaweza kuandika kwamba ulikuwa wa tatu kati ya wahitimu 84, waombe waandike. Nafasi darasani haihitaji kanuni.

Kozi zenyewe ndizo zinazoangusha maombi mengi ambayo alama zake zilikuwa nzuri. Uzamili mwingi wa kule ni mwendelezo: unadai shahada ya kwanza ya fani hiyohiyo au ya jirani yake, na unataja kabisa ni krediti ngapi za hisabati, takwimu au kemia uwe nazo. Krediti hizo ni za Ulaya, zinazojulikana kama ECTS. Moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, na mwaka mzima una 60. Za Tanzania ni saa 10 kila moja, na mwaka una 120. Nimeona mtu amejumlisha krediti zake 360 za miaka mitatu akaandika kwamba ana ECTS 360, yaani amejitangaza kuwa amesoma miaka sita. Ukihesabu mwaka kwa mwaka, 120 zetu zinakaa mahali pa 60 zao. Namna iliyo salama zaidi ni kuandika saa: za mihadhara, za maabara, za kujisomea, na kumwachia afisa agawanye mwenyewe.

Halafu ondoa zisizohusika. DS (masomo ya maendeleo) na stadi za mawasiliano, ambazo kila mwanafunzi wa Tanzania amezisoma apende asipende, hazitahesabiwa kuwa takwimu. Kwa upande wa pili, kuna kozi zenye majina yanayoficha mali. “Mbinu za Utafiti II” haimwambii Mjerumani kwamba ndani yake ulifundishwa regresheni wiki sita. Ndiyo maana wanaomba maelezo ya kozi, na ndiyo maana ni lazima uyatafute idarani, kwenye kitabu cha mtaala, wakati aliyekufundisha bado yupo. Kisha tengeneza jedwali la ukurasa mmoja: kushoto andika wanachodai, kulia andika kozi yako inayokitimiza, saa zake na alama uliyopata. Hata pale ambapo hawajaliomba, likiwa na mahali pa kupakiwa, lipakie.

Kuhusu barua ya kueleza nia sina mengi. Usianze kwa kuwaeleza Wajerumani kwamba nchi yao ina viwanda. Taja kozi zao kwa majina, sema ulifanya nini kwenye utafiti wako wa mwisho na ulikwama wapi, malizia.

Vyuo vingi hupitisha maombi ya wageni kwa uni-assist, taasisi iliyoko Berlin inayokagua karatasi kabla ya kuzipeleka chuoni. Hutoza yuro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata katika muhula huohuo. Vingine hupokea maombi moja kwa moja. Wakala anayekudai mamilioni akisema ana mtu wake ndani, muulize mtu huyo anafanya nini ambacho jedwali lako la ukurasa mmoja halifanyi.

Udahili ukipatikana, fedha ndizo zinazofuata, na masomo bila ada hayana maana ya kuishi bila fedha. Ili upewe viza ni lazima uonyeshe kwamba unaweza kujikimu. Njia inayotumika sana ni akaunti iliyofungwa, Wajerumani huiita Sperrkonto: unaweka fedha za mwaka mzima kabla ya kusafiri, nawe ukifika unaachiwa kila mwezi fungu lako. Tangu Septemba 2024 fungu hilo ni yuro 992, kwa hiyo kinachowekwa ni 11,904, kiasi kinachopita shilingi milioni 30 za Tanzania. Aliyewahi kusubiri bumu, ile posho ya mkopo wa chuo, ataielewa akaunti hii haraka, ila hili ni bumu la fedha zako mwenyewe. Kuna familia hukopa ili kuijaza, wakidhani mtoto akifika tu atazitoa zote na kurudisha. Hazitoki zote. Zinatoka 992 kwa mwezi, na zinakwenda kwenye kodi ya chumba, bima ya afya na mkate. Aliyewakopesha atasubiri.

Anayepata ufadhili kamili hahitaji akaunti hiyo. Barua ya mfadhili inatosha. Shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, DAAD, lina mpango uitwao EPOS kwa watu wa nchi zinazoendelea, wenye programu teule za uzamili katika fani kama uchumi, uhandisi, mipango miji, kilimo na afya ya jamii. Una masharti mawili yanayowashinda wengi: uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili baada ya shahada, na shahada yenyewe isiwe imepita miaka sita. Yaani kuna dirisha la miaka kama minne, na mhitimu wa juzi analigonga kabla halijafunguka. Maombi yanapelekwa kwenye programu husika, na tarehe za kufunga hutofautiana; anayesubiri tangazo moja la DAAD kwa nchi nzima atasubiri sana.

Uzamivu una njia yake. Taifa lililotuachia neno shule lina neno jingine, Doktorvater, baba wa udaktari, na siku hizi pia mama yake. Kwa njia ya kawaida unaanza kwa kumpata mzazi huyo: unamwandikia profesa ambaye umesoma makala zake, na wazo la utafiti la kurasa chache. Akikukubali ndipo karatasi za chuo zinafuata. Nafasi nyingine hutangazwa kama ajira kabisa, zenye mkataba na mshahara, na wengi wetu hatuzioni kwa sababu tunatafuta neno ufadhili wakati wao wameandika kazi.

Masomo mengi huanza Oktoba. Programu nyingi zinazopokea wageni hufunga kati ya Januari na Mei. Zipo zinazopokea mpaka Julai 15, lakini foleni ya miadi ya viza inaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi, kwa hiyo aliyeomba Julai anaweza kukubaliwa akabaki nyumbani na barua yake. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Oktoba, unafika kwa msajili mwaka mzima kabla.

Dada mmoja niliyemsaidia alikuwa na transkripti yenye mgongo mweupe kabisa. Alikwenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza mwenye muhuri alikuwa likizo, mara ya pili aliambiwa barua ya namna hiyo haijawahi kuandikwa chuoni hapo, mara ya tatu alikwenda nayo akiwa ameichapa mwenyewe: alama ya juu ni 5.0, ya chini ya kufaulu ni 2.0, krediti moja ni saa 10. Mistari mitatu. Walisoma, wakaulizana kama ni kweli, wakafungua kitabu cha kanuni, wakaona ni kweli, wakagonga muhuri. Tangu siku hiyo ofisi ile inaitoa kwa kila anayeomba, ikiwa na maneno yake yaleyale, pamoja na koma aliyoikosea.