Diski 9, nyimbo 244: juu ya nini soul ya Memphis inakatika mwaka 1968?

Mwaka 1991, kampuni Atlantic ya Marekani ilitoa sanduku la diski 9 zenye nyimbo 244: The Complete Stax/Volt Singles 1959-1968. Ndani yake kuna Otis Redding, Carla Thomas, Sam & Dave, Eddie Floyd, Booker T. & the M.G.'s. Kwa mwenye kupenda soul ya miaka ya 60, ni mali. Lakini mkusanyo unaisha 1968, wakati Stax ilitoa nyimbo mpaka 1975. Juu ya nini?

Jibu haliko katika muziki. Liko katika mkataba.

Duka na studio

Stax ilizaliwa mjini Memphis. Jim Stewart, aliyekuwa anatumika benki, alianza mwaka 1957. Dada yake, Estelle Axton, aliweka nyumba yake rehani ili wapate mashini ya kurekodi. Mwaka 1960 walihamia katika sinema ya zamani. Nyuma ilikuwa studio, mbele Estelle akafungua duka la diski. Vijana wa mtaa walikuja kusikiliza, na kwao studio ilijua wimbo gani utapendwa. Weusi na weupe walipiga vyombo pamoja, katika mji uliokuwa ukiwatenganisha.

Karatasi ya 1965

Stax haikuwa na nguvu ya kusambaza diski Marekani nzima. Atlantic ya New York ilikuwa nayo. Mwanzoni ilikuwa mapatano ya mdomo tu. Mwaka 1965 waliandika mkataba, na Stewart akasaini bila kuuchunguza vizuri, kwa sababu aliwaamini watu wa Atlantic.

Mwaka 1967 Atlantic iliuzwa kwa Warner. Stewart alipotaka kutoka mwaka 1968, karatasi ikafunguliwa. Kumbe kipengele kimoja kilisema: rekodi zote za Stax zilizosambazwa na Atlantic ni mali ya Atlantic. Sam & Dave nao walirudi Atlantic, maana walikuwa wameazimwa tu.

Hasara ilikuja juu ya msiba. Tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka 1967, Otis Redding alikufa katika ajali ya ndege akiwa na miaka 26, pamoja na vijana wanne wa kundi Bar-Kays. Wimbo wake wa bandari ulifika namba moja akiwa amekwisha kuzikwa.

Stax ilianza tena kutoka sifuri, ikapata nguvu na Isaac Hayes, halafu ikaanguka mwaka 1975. Rekodi za baada ya 1968 zilinunuliwa na kampuni nyingine, Fantasy. Ndiyo maana sanduku la pili na la tatu, ya 1993 na 1994, zina jina la Fantasy, si Atlantic.

Nani anakula nini?

Wimbo mmoja una haki mbalimbali. Mtunzi ana haki ya maneno na sauti. Mwimbaji analipwa kufuatana na mkataba wake. Mwenye rekodi ya kwanza ndiye anaamua kama itatoka tena, katika mkusanyo gani, na kwa bei gani. Kwa hiyo mwanamuziki wetu akiletewa karatasi na studio, aulize kwanza: rekodi itabaki ya nani, na kwa miaka mingapi? Halafu aisome yote, mpaka mstari wa mwisho, mbele ya kusaini.