Kamba moja, roho moja: Jinsi Wamarekani wanavyomvizia ayala juu ya mti

WAHENGA walinena kwamba mpanda ngazi hushuka. Wasichokitaja ni namna atakavyoshuka, na hilo ndilo suala linalowashughulisha wawindaji wa ayala nchini Marekani kila mwaka majani ya miti yanapoanza kupukutika.

Kuanzia Septemba katika majimbo mengi hadi Desemba au Januari, mamilioni ya raia wa nchi hiyo huingia misituni na pinde au bunduki kuwasaka ayala wenye mkia mweupe. Wengi wao, hasa wenye pinde, hawavizii ardhini. Hupanda miti kabla ya mapambazuko na kukaa kimya mita tano hadi saba juu, wakingoja mnyama apite chini yao.

Katika miaka ya hivi karibuni, mbinu moja ya kukaa mtini imepata wafuasi wengi. Badala ya kubeba jukwaa la chuma, mwindaji hujifunga kiunoni kiti cha kitambaa, kisha akajining'iniza kwa kamba kwenye shina. Wamarekani hukiita kiti hicho 'tandiko', ingawa hakihusiani na farasi wala punda.

Chombo hicho kimepunguza mzigo mgongoni mwa mwindaji. Hata hivyo, hakijapunguza kimo cha mti, na ndiyo sababu anayekitumia hana budi kuelewa kinavyofanya kazi kabla ya kuinua mguu kutoka ardhini.

Mnyama asiyepatikana huku

Ayala ni mnyama ambaye Wakenya wengi wamemsoma katika Biblia kuliko kumwona kwa macho. Umbo lake lafanana na la swara au kulungu, lakini ukoo wao ni tofauti. Pembe za swara hudumu maisha yake yote, ilhali za ayala dume huanguka kila mwaka na kuota upya. Kusini mwa Jangwa la Sahara hakuna ayala wa asili.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ayala wa mkia mweupe nusura waangamie Marekani. Biashara ya nyama na ngozi pamoja na ukataji wa misitu ilikuwa imewapunguza hadi takriban 500,000. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilipiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Nayo sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ilielekeza ushuru wa bunduki na risasi katika kazi ya kuwarejesha wanyamapori.

Juhudi hizo zilizaa matunda kupita matarajio. Leo ayala hao wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Mbwamwitu na puma waliokuwa wakiwala waliangamizwa katika sehemu kubwa ya mashariki mwa nchi, na ayala sasa huingia mashambani na hata katika bustani za mijini. Magari huwagonga zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka, na baadhi ya ajali hizo huua watu.

Ni kutokana na hali hiyo ambapo idara za wanyamapori za majimbo huutegemea uwindaji wenye leseni ili kuidhibiti idadi yao. Wanaowindwa ni takriban milioni sita kwa mwaka. Nyama huliwa nyumbani au hutolewa kwa familia zisizojiweza, kwani kwa kawaida ni marufuku kuuza nyama ya mnyama wa mwituni.

Kwa nini mtini?

Ayala hulindwa na pua yake kabla ya kitu kingine chochote. Akinusa harufu ya binadamu hutoroka papo hapo, tena mara nyingi bila mwindaji kujua alikuwapo. Macho yake, yaliyo kando ya kichwa, huona karibu pande zote bila kugeuka. Rangi nyekundu na ya machungwa hazitambui vyema, na ndiyo maana mwindaji aweza kuvaa fulana ya rangi ya machungwa ili wenzake wenye bunduki wamwone. Mtikisiko mdogo wa mkono, hata hivyo, huugundua mara moja.

Mwindaji aliye juu huepuka sehemu ya matatizo hayo. Yuko nje ya usawa wa macho ya mnyama, na upepo waweza kuipitisha harufu yake juu ya kichwa cha ayala. Lakini hewa nayo ina desturi zake: jua likipanda, hewa yenye joto huinuka, jioni ikiingia, hewa baridi hushuka na kuteremsha harufu hadi bondeni. Mti uliofaa asubuhi waweza kuwa mbaya kabisa jioni.

Mpiga upinde hulazimika kumsubiri mnyama afike karibu sana, kwa kawaida chini ya mita 30. Kwa hivyo hana budi kuhama upepo unapogeuka, au ayala wanapobadilisha njia baada ya matunda ya mwaloni kwisha sehemu moja na kuanza kudondoka kwingine.

Hapo ndipo uzani huwa suala. Jukwaa la kupandia la mtindo wa zamani huwa na takriban kilo tisa na zaidi, na aina nyingine zenye ngazi ndefu hupita kilo 20. Isitoshe, katika ardhi nyingi za umma hairuhusiwi kupigilia misumari mtini au kuacha jukwaa lisiloondolewa. Anayewinda huko lazima aje na kila kitu na kuondoka nacho.

Vifaa na kazi yavyo

Tandiko lenyewe ni kitambaa imara cha wavu au cha mikanda ya nailoni kinachoyakumbatia makalio, likiwa na mkanda wa kiunoni na mikanda ya mapajani. Uzani wake ni kati ya kilo moja na mbili. Mbele, kutoka nyonga moja hadi nyingine, hupita kamba fupi iitwayo 'daraja'.

Kamba nyingine nene huzungushwa kwenye shina, usawa wa kichwa au juu zaidi. Huunganishwa na daraja kwa karabina, yaani kishikizo cha chuma chenye kufuli kama kile cha wakwea milima. Urefu wake hurekebishwa kwa fundo la Prusik, lililopewa jina la Mwaustria Karl Prusik aliyelieleza mwaka 1931. Fundo hilo huteleza likisukumwa kwa mkono, lakini hubana kamba barabara linapobebeshwa uzito.

Chini ya miguu huwapo kibao kidogo cha chuma chepesi kilichokazwa kwenye shina. Mwindaji hukikanyaga huku ameegemea nyuma, uso ukitazama mti, magoti yakigusa gome. Hii ndiyo tofauti kubwa na jukwaa la kawaida, ambapo mtu huupa mti mgongo. Katika tandiko, shina humkinga asionekane. Ayala akija upande mmoja, yeye huzunguka taratibu hadi upande wa pili.

Mbinu yenyewe si ngeni. Mwandishi na mwindaji wa Michigan, John Eberhart, amekuwa akiitumia na kuitetea tangu miaka ya 1980. Kilichobadilika ni wepesi wa vifaa na wingi wa watengenezaji.

Kupanda

Wengi hutumia vijingazi vitatu au vinne, kila kimoja kikiwa na uzito wa kilo moja hivi au chini yake. Hufungwa kwenye shina kwa kamba au mkanda, kimoja juu ya kingine, mwindaji akipanda. Wanaotaka wepesi zaidi hubeba kijingazi kimoja tu. Hukipanda, wakajifunga juu na kuning'inia katika tandiko, wakakivuta na kukifunga juu zaidi, hivyo hivyo hadi kimo wanachotaka. Kushuka huteremka kwa kamba ndefu, mfano wa wakwea milima.

Wakati wa kupanda, mwindaji huzungusha kwenye shina kamba ya pili inayoshikana na pande mbili za kiuno chake. Mkenya aliyewahi kumtazama fundi akiwa juu ya nguzo ya umeme ataitambua mara moja: ni ile ile inayomwacha fundi aegemee nyuma na kufanya kazi kwa mikono miwili. Wamarekani nao huiita kamba ya fundi wa nyaya.

Upinde haupandi pamoja na mwenyewe. Huachwa chini umefungwa kwa kamba nyembamba, kisha huvutwa juu mwindaji akishatulia.

Hatari iliyo halisi

Msitu wa Marekani waweza kumfanya mgeni aogope dubu, lakini adui mkubwa wa mwindaji wa mtini ni ardhi iliyo chini yake. Katika majimbo kadhaa, kuanguka kutoka mtini kumewajeruhi wawindaji wengi kuliko risasi. Mara nyingi huanguka wanapopanda, wanaposhuka, au wanapohama kutoka ngazini kwenda jukwaani. Waliokwisha kutulia wakiwa wamefungwa huanguka kwa nadra.

Kutokana na hayo imezaliwa kanuni moja kuu: kufungwa kuanzia ardhini hadi juu, na kutoka juu hadi ardhini. Likitokea tawi njiani, kamba mpya hufungwa juu ya tawi kabla ya ile ya kwanza kufunguliwa. Vivyo hivyo kileleni: kamba ya kuning'inia hufungwa na kujaribiwa, ndipo ile ya fundi wa nyaya iachiliwe. Kusiwe na nukta hata moja ambapo mtu hashikwi na chochote isipokuwa viganja vyake.

Kanuni ya pili ni kwamba kamba isilegee. Kamba hizi zimeundwa kumshikilia mtu aliyekwisha kuegemea, wala si kumdaka anayeporomoka. Hazivutiki kama mpira, na kwa hivyo hata anguko fupi huishia kwa mshtuko mkali kiunoni na mgongoni. Aidha, tandiko hushika kiuno na mapaja tu. Mtu aliyeifunga kamba chini mno aweza kupinduka kichwa chini.

Kuning'inia nako kuna hatari yake. Mtu aliyezimia au kujeruhiwa, akabaki akilewalewa bila kusogeza miguu, damu hutuama sehemu za chini za mwili na maisha yake yakawa hatarini katika muda mfupi. Kwa hivyo wenye uzoefu hubeba simu na filimbi mfukoni wanapoweza kuvifikia, na humwachia mtu nyumbani habari ya mahali walipo na saa ya kurudi.

Mti wenyewe pia huchunguzwa. Mdudu wa kijani kutoka Asia aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ameua mamilioni ya miti aina ya ash, na mingi bado imesimama huku imekauka na kuwa dhaifu. Mti uliokufa haupandwi, hata uwe kwenye njia bora namna gani.

Anayeanza hushauriwa kufanya mazoezi mchana, mita moja tu kutoka ardhini, hadi mikono izoee mafundo hata gizani. Kamba zilizochubuka au kupitisha muda uliowekwa na mtengenezaji hutupwa. Bei ya kamba mpya ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kitanda cha hospitali.

Wakenya nao?

Mkenya anayeishi Marekani akitaka kujiunga na uwindaji huo ni lazima apate leseni ya jimbo, na katika hali nyingi ahitimu kwanza kozi ya usalama wa uwindaji. Ada huwa juu zaidi kwa asiye mkazi wa jimbo husika. Saa, vifaa na idadi ya wanyama huwekewa mipaka, nayo hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo.

Humu nchini mambo ni tofauti. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaweka adhabu za faini na kifungo. Kupanda mti ili kumvizia paa au kulungu, kwa tandiko au bila tandiko, ni kosa.

Hata hivyo, kupanda miti si kosa, na Wakenya hupanda kila siku. Mgema wa Kwale au Kilifi hupanda mnazi kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, asubuhi na jioni, bila kitu cha kumshika. Mwogiek wa msitu wa Mau huupandia mzinga wake uliotundikwa juu. Anguko la mgema si habari ngeni Pwani, na mara nyingi huiacha familia bila mlezi.

Kwa watu hawa, mafunzo ya wawindaji wa mbali yana faida ambayo haihitaji upinde wala mshale. Mgema akiwa na mkanda imara, kamba iliyobana shina na desturi ya kutofungua ya kwanza kabla ya kufunga ya pili, mguu ukiteleza kwenye kidato kilicholowa atayumba tu, kisha ashuke kwa miguu yake na kurudi kwa watoto wake.