Ordinateri ya zamani ikipata joto, tusikimbilie kuiuza

Ndugu wasomi, wengi wetu tunaandika kazi ya kumaliza masomo kwa mashini tulizonunua zikiwa zimeshatumika. Inapiga kelele, inakuwa moto, kiisha inazimika yenyewe katikati ya ukurasa. Watu wanasema imezeeka. Mara nyingi siyo uzee, ni vumbi.

Ni hivi: prosesa inatoa joto, bomba la shaba linalipeleka kwenye vibati vyembamba, na feni inapuliza hewa ya kulitoa nje. Vumbi likijaza pale, feni inazunguka bure. Prosesa ikikaribia digri 100 inajipunguzia mwendo ili isiungue. Joto likizidi, mashini inajizima. Kwa hiyo ule upolepole ambao fundi mwingine anataka kuutibu kwa kukuuzia memori mpya, pengine ni joto tu.

Fasi nayo inahesabika. Mashini iliyotulia Bibokoboko, kwenye baridi ya milimani, ukishuka nayo Baraka kando ya ziwa inaanza kulalamika: hewa inayovuta ikiwa na digri 10 zaidi, prosesa nayo inapanda karibu vilevile. Na ukiiweka juu ya godoro, umeziba matundu ya chini.

Sasa tufanye nini? Zima, chomoa chaja, na kama batri inatoka, itoe. Zuia mabawa ya feni kwa kijiti, kiisha puliza vumbi kwa pompi ya baiskeli. Usipeleke kwa wale wanaojaza upepo magurudumu ya pikipiki. Mashini yao ina nguvu mno, tena inaweza kutema maji na mafuta. Kama bado ni moto, fundi apanguse ile pasta iliyokauka juu ya prosesa, aweke mpya. Wako wanaopaka dawa ya meno! Inakauka haraka, joto linarudi.

Wakati unangoja fundi, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa toka 100 hadi 99. Katika mashini nyingi hiyo inazima mwendo wa ziada, na kwa kuandika tu hutaona tofauti kubwa.

Lakini batri ikivimba mpaka inasukuma klavye juu, hapo hakuna kungoja: acha kuchaji siku ileile, usiitoboe, usiibonyeze, juu inaweza kuwaka moto. Fundi akiitoa, mashini nyingi zinaendelea kwa chaja peke yake. Sola au jenereta ikikatika, kila kitu kinazimika, basi hifadhi kazi kwenye flashi kila baada ya aya mbili.